Mlitukabidhi Muhuri, Mkaondoka: Barua ya Wazi kwa Maaskofu, Masheikh na Wizara ya Elimu

Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Kila mmoja wenu achukue salamu yake, maana barua ni moja na nyumba ninazoipeleka ni nyingi: kwa maaskofu wa Kanisa Katoliki na wa Kanisa la Uganda, kwa Mufti na makadhi wa wilaya, kwa makatibu wa elimu wa dayosisi, na kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Elimu na Michezo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimestaafu, naishi Arua. Kwa miaka saba, hadi mwisho wa 2023, nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari iliyoanzishwa na kanisa. Nawaandikia kuwaomba mumpe kila mkuu mpya wa shule mtu wa kumsikiliza. Shule yenyewe sitaitaja. Nitakayoyasema yangeweza kusemwa na mkuu wa shule yoyote yenye msalaba au mwezi kwenye nembo yake.

Siku ya makabidhiano tulianza kwa ibada. Baba Askofu aliniwekea mikono kichwani, kwaya ikaimba, mwenyekiti wa bodi akahutubia kwa muda mrefu kuliko askofu. Tukaingia ofisini nikapewa daftari la mali, vitabu vya benki, funguo za ghala na muhuri wa shule. Tukala wali na nyama ya mbuzi. Saa kumi jioni magari yakaondoka yakifuatana, vumbi likatulia, na mhasibu akabisha hodi. Alikuwa na deni la unga wa posho na maharage la mihula miwili, ambalo halikuandikwa popote katika yale niliyokabidhiwa.

Nilikesha na lile deni. Nilisali, ndiyo. Lakini nilihitaji pia mtu wa kuniuliza, "Sasa, Madamu, unafikiria kufanya nini?" Mtu huyo nilimpata miaka mitano baadaye, na hamkumleta ninyi.

Msidhani ofisi yangu ilikosa wageni. Mkaguzi wa elimu alikuja akatazama maazimio ya kazi na maandalio ya masomo. Wa hesabu alikuja akatazama risiti. Wazazi walikuja na karo nusu na hadithi nzima. Watu wa parokia walikuja kuazima basi la shule kwa ajili ya hija ya Namugongo, na wengine wakaja na vimemo vyenye sahihi za wakubwa kwamba mtoto huyu apokelewe hata kama alama zake hazikutosha. Kila aliyevuka kizingiti kile alikuwa na karatasi ya kusainiwa au kosa la kutafuta. Kinyozi hajinyoi, wazee walisema, nasi tulioachiwa kunyoa vichwa mia nane tulitembea na nywele zetu zimetimka, tukijifanya hatuoni.

Ninaloliomba lina jina kwenye makampuni na mabenki ya Kampala: wanaliita ukocha wa viongozi. Jina hilo lilinipa taabu nilipolipeleka kwenye bodi. Mweka hazina, mtu mwangalifu, akashtuka: "Madamu, si wizara imekataza kochingi?" Alikuwa na haki. Kwetu kochingi ni yale masomo ya kulipia ya wakati wa likizo, ambayo serikali huyapiga marufuku kila mwaka na wazazi huyalipia kila mwaka. Naibu wangu naye, neno kocha lilimpeleka moja kwa moja kwa timu ya taifa, Cranes, akauliza kama tutafukuzana tukifungwa. Kwa hiyo nimekuwa nikitumia neno la Kiswahili lililokuwepo siku zote: mwandani. Yule anayeingia ndani nawe, na mkitoka nje hasemi.

Kazi ya mwandani wa kiongozi ni rahisi kuieleza, ni ngumu kuifanya. Mtu aliyefunzwa kusikiliza anakaa na mkuu wa shule kwa saa moja, labda na nusu. Anauliza: unataka nini hasa? Hali ikoje sasa hivi, kwa ukweli wake? Njia zipi zipo, hata zile usizozipenda? Utafanya ipi, na mpaka lini? Mkuu anajibu, anajipinga, anarudi nyuma, mpaka anajisikia mwenyewe akilitamka lile alilokuwa akilikimbia. Halafu anataja tarehe. Kikao kijacho kinaanzia kwenye tarehe hiyo.

Yeye si mkaguzi, kwa sababu haandiki ripoti. Si padri wa kitubio, maana haondoi dhambi. Wala si kungwi. Nimefundisha fasihi ya Waswahili wa pwani miaka mingi, namjua kungwi kwa vitabu kama Waganda wanavyomjua ssenga, shangazi anayewafunda wasichana, kwa nyumbani: hao hufundisha, fanya hivi, usifanye vile. Mwandani akishaanza kusema "mimi wakati wangu nilifanya hivi," kazi imemponyoka. Nimeijaribu kazi hii mwenyewe baada ya kustaafu, na nawaambia kwa aibu kidogo kwamba ulimi wa mwalimu mkuu mstaafu ni mgumu kuufunga.

Sasa turudi nyuma, kwa kuwa mnapenda kutukumbusha historia. Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, Wakatoliki wakafuata 1879. Shule mnazojivunia zilizaliwa muda mfupi baadaye: Namilyango mwaka 1902, Gayaza 1905, Budo na Kisubi 1906. Kila sherehe ya miaka mia na ushee tunasomewa tarehe hizo, tunaonyeshwa majengo, tunaambiwa tulinde urithi. Kuna urithi mmoja ambao sijawahi kusikia ukitajwa kwenye hotuba hizo. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walikuwa na kanuni kutoka kwa mwanzilishi wao, Kadinali Lavigerie, kwamba wasiishi kwenye kituo pungufu ya watatu. Watatu, popote. Aliyeongoza kituo alikuwa na wawili wa kula nao jioni, wa kuona kwamba leo uso wake si ule wa jana. Kanuni hiyo iliandikwa na watu waliojua safari, homa na upweke unavyomgeuza mtu mwema kuwa mkali au mlevi.

Tulirithi mabweni, kengele na nembo. Kanuni ya watatu hatukuirithi. Mkuu wa shule wa leo anakaa kwenye nyumba ya shule, mara nyingi familia yake iko mji mwingine, naye hawezi kula na walimu wake kila siku bila wengine kusema ana kundi.

Tena mzigo wake umekuwa wa pande mbili. Tangu sheria ya 1963 ilipoziweka shule za misheni chini ya serikali, mkuu wa shule inayosaidiwa na serikali anateuliwa na Tume ya Utumishi wa Elimu na analipwa na hazina, huku ardhi, jina, kanisa la shule na viti kadhaa vya bodi vikibaki kwenu. Sheria ya Elimu ya 2008 inawatambua ninyi waanzilishi na kuwapa sauti kwenye usimamizi na maadili ya shule. Sina ugomvi na hilo. Lakini ninyi na wizara mkitofautiana, mnakutania kwenye meza moja tu, na meza hiyo ni ya mkuu wa shule.

Nitoe mfano, ambao ndio ulionifanya niandike.

Shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Mnajua yaliyowapata wasichana katika muda huo. Wizara ilituelekeza kuwapokea wajawazito na wanaonyonyesha. Baadhi ya viongozi wa dini walipinga hadharani, wakasema shule za kanisa zisiwapokee. Mimi nilikuwa na maelekezo ya wizara kwenye droo, na kwenye simu nilikuwa na sauti ya mkubwa mmoja, sitasema nani, akiniambia nisiifanye shule ya Mungu kuwa wodi ya wazazi. Na getini nilikuwa na msichana wa Sinia 3, na shangazi yake, na mtoto wa miezi minne mgongoni mwa shangazi.

Nilimwambia aje Jumatatu. Jumatatu nikamwambia bodi haijakaa, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo nikatoka mapema kwenda benki. Wiki tatu zikapita hivyo. Sikumkataa, maana kumkataa kungevunja agizo la wizara. Sikumpokea pia, kwa kuiogopa simu. Nilijiambia kwamba natumia hekima.

Wakati huohuo alinitembelea mkuu mstaafu wa shule moja ya Kiislamu, mzee wa Kinubi tunayemwita Hajji. Alikuwa amepata mafunzo ya ukocha Kampala na anatafuta wa kufanyia mazoezi. Aliniambia hivyo hivyo, bila kupamba. Nikakubali kwa heshima ya umri wake. Tuliketi barazani mbele ya ofisi ya walimu, mahali pa kuonekana na wote, kwa sababu mwanamke wa kanisa na Hajji hawawezi kufungiana mlango kwa saa nzima Arua hii. Tulizungumza Kiswahili. Mimi Mlugbara, yeye Mnubi, na Kiswahili hakikuwa cha mama wa yeyote kati yetu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa mgeni wa mwenzake. (Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, watu walilalamika kitatusaidia nini. Mimi nilikuwa na jibu langu.)

Nilimweleza kuhusu mapaa yanayovuja, kuhusu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 na walimu wasiouelewa, kuhusu mhasibu. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, "Madamu, katika haya yote, ni uamuzi gani unaoukwepa?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Nilisubiri anisaidie kwa kuuliza jambo jingine, kama tunavyofanya darasani mtoto akikwama. Hakunisaidia. Chini ya mwembe watoto walikuwa wanafagia, nikasikia fagio kwa muda mrefu. Ndipo nikamwambia habari ya msichana.

Hakusema nimpokee. Mpaka leo sijui maoni yake yalikuwa yapi. Aliuliza ninaogopa nini hasa, nikasema uhamisho. Akauliza nikihamishwa nitapoteza nini. Nikahesabu, na hesabu ikawa fupi kuliko hofu. Akauliza nani anapaswa kuusikia uamuzi wangu kutoka kinywani mwangu kabla hajausikia kwa watu. Kesho yake nilipanda bodaboda hadi kwa yule mkubwa wa simu, nikamweleza uso kwa uso kwamba nampokea mtoto na kwa nini. Alikasirika. Tulisali pamoja mwishoni, yeye akisali kwa sauti ndefu kidogo. Msichana aliingia darasani Alhamisi. Alifanya mtihani wa taifa wa UNEB mwaka 2023. Sikuhamishwa.

Ningeweza kuhamishwa, na bado ningekuwa nimefanya kazi yangu. Kinachoniuma ni zile wiki tatu. Mwandani angekuwepo tangu mwanzo, zingekuwa siku tatu.

Nanyi wa wizara, msijione mko pembeni. Mwaka huohuo wa 2022 mlipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4, na wa sanaa wakabaki chini, wakagoma. Mimi ni wa sanaa. Nilikuwa nasimamia mwalimu wa fizikia anayenizidi mshahara, na wa historia aliyeacha kunisalimu kwa kuwa eti nilikuwa mkuu na sikuwasemea. Waraka ulikuja wa kueleza viwango vya mishahara. Wa kunisaidia kuongoza chumba cha walimu kilichopasuka katikati haukuja, na usingeweza kuja, maana jambo lile halitatuliki kwa waraka.

Najua mtakachosema: tuna semina. Tunazo, kweli. Nimehudhuria nyingi. Siku mbili hotelini, bango lenye picha za wageni rasmi, msemaji kutoka Kampala mwenye kipaza sauti kilichofungwa shavuni, mifano ya viongozi wa makampuni ya Marekani, chakula kizuri, cheti. Unarudi shuleni unakuta maji yamekatika, na yule msemaji hajawahi kuwa na bweni lisilo na maji. Sisemi semina ni bure kabisa. Nilipata marafiki huko, kwenye foleni ya chai, na nadhani mazungumzo ya foleni ile yalinisaidia kuliko jukwaa.

Vilevile nawaonya mapema kuhusu mambo mawili yatakayoharibu kazi hii mkiipokea.

La kwanza ni ripoti. Mtatamani kujua kinachosemwa. Mtasema kwa nia njema kabisa, "tunataka tu kufuatilia maendeleo." Siku mwandani atakapowaandikia mstari mmoja kuhusu niliyomwambia, wakuu wote wa shule wa dayosisi watajua kabla ya Jumapili, na kuanzia hapo mtapata mazungumzo ya adabu yasiyo na kitu ndani. Mficha uchi hazai, lakini hakuna atakayevua mbele ya mwenye kalamu ya uhamisho. Kinachopaswa kuwafikia ni kwamba wamekutana au hawakukutana. Basi. Mnataka kujua kama inasaidia, tazameni shule: walimu wanabaki? Kamati zinakaa? Mkuu anajibu barua zenu kwa maneno yake?

Siri hiyo ina mpaka mmoja, na hapa sitapunguza maneno. Penye mtoto anayeumizwa, hakuna siri. Mwandani akisikia kwamba mwalimu, mlezi wa bweni, mchungaji au imamu anamgusa mtoto, au mkuu mwenyewe analificha, anaondoka pale kwenda kwa polisi na kwa ofisa wa ustawi wa jamii, na alishamwambia mkuu hivyo siku ya kwanza. Taasisi za dini, duniani kote na kwetu pia, zimewahi kutumia neno siri kama blanketi. Tukianza bila kuliandika hili, afadhali tusianze.

La pili ni kuwapa kazi hii watu wenu wa karibu. Mkinipa mwandani ambaye ni katibu wenu wa elimu, mmenipa mkaguzi aliyevaa kanzu nyingine. Napendekeza tuvuke uzio: mstaafu wa shule ya Kiislamu akae na mkuu wa shule ya Kikatoliki, Mkatoliki akae na wa Kanisa la Uganda, na kadhalika. Hajji hakuwa na mkubwa ninayemwogopa, wala mimi sikuwa na fitina ya kumpelekea. Kama mnaona ni jambo geni, fungueni Kutoka sura ya 18. Aliyemwona Musa akihukumu watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni, akamuuliza mbona anakaa hivyo peke yake, alikuwa Yethro, kuhani wa Midiani, mtu wa nje. (Baada ya swali lile Yethro alitoa ushauri mrefu. Hajji angemkata maksi.) Na masheikh hawahitaji mimi niwakumbushe kwamba Qurani ina sura nzima inayoitwa Ash-Shura, kushauriana.

Watu tunao. Kila mwaka wakuu wa shule wanafika miaka sitini, wanapewa kuku na godoro, wanakwenda kulima mihogo wakiwa na akili timamu. Si wote wanaofaa. Aliyeongoza kwa kiboko hatajua kunyamaza akiwa na miaka sitini na tatu. Wachache wanaofaa wafunzwe vizuri, kwa miezi kadhaa na usimamizi, wala si kwa siku mbili za hotelini. Kila mkuu mpya apewe mmoja kwa miaka yake miwili ya kwanza, mara mbili kila muhula. Nauli ya bodaboda, chai, na posho ndogo ya heshima. Sizungumzii fedha za kujenga bweni.

Wala sisemi ukocha ni dawa ya kila kitu. Hakuna swali, hata liwe zuri namna gani, litakalojaza ghala ruzuku ikichelewa. Mkuu anayeiba karo hahitaji mwandani, anahitaji kuondolewa, na mkimpelekea mwandani ili mpate kisingizio cha kutomgusa, mtakuwa mmemtukana mwandani. Na kuna wakuu watakaokataa. Waacheni. Anayelazimishwa hatasema kitu.

Kuna mwalimu mkuu mpya, kijana, kwenye shule ya msingi ya msikiti upande wa pili wa mji. Tumekubaliana kuanza Jumanne ijayo saa kumi alasiri, yeye na mimi, barazani kwake, kwa nauli yangu. Hajji ananisimamia, na ameshaniambia nitie maji mdomoni. Sihitaji fedha zenu kwa sasa. Nahitaji kutoka kwa kadhi wake, na nakala kutoka kwa ofisa elimu wa wilaya, barua ya mstari mmoja yenye sahihi na muhuri, inayosema kwamba atakayoniambia kijana huyu, isipokuwa usalama wa mtoto, hamtaniuliza.

Mwalimu mkuu mstaafu,
Arua